Pigo la Sisimizi na Nyundo Moja

Kaeni vizuri, na mwenye usingizi aende akalale sasa hivi, kwa sababu atakayebaki nitamuuliza swali mwishoni.

Mzee Kiangi, mhunzi wa milima ya Upare, alikuwa na watoto watatu. Nakijwa alikuwa na vidole vyepesi. Angeshika nyuki na nyuki asijue. Mrutu, mvuta mivukuto, alikuwa na mkono usiopoteza mwendo. Naetwe alikuwa na macho. Macho hasa, nawaambia.

Mzee alijisifu maisha yake yote kwamba hakuna pigo la haraka kuliko la nyundo yake. Siku moja sisimizi mwenye taya ndefu akapanda juu ya fuawe. Mzee alipomsogezea koleo, taya zilifyatuka, ta! Mdudu akarushwa kinyumenyume hadi chini, na Mzee hakuona kilichopita. Ilimuuma sana.

"Mikono yangu imeanza kutetemeka," akawaambia wanawe. "Atakayenionyesha huyu mdudu amenizidi kiasi gani, nyundo na karakana ni vyake."

Nakijwa alimgandisha sisimizi kwa nta, mzima, taya zimetanuka. Katikati ya taya hizo mna vinywele; ukivigusa, zinafyatuka. Angekosea kidogo, mdudu angefyatua hewani bure. Hakukosea.

Mrutu alipaka masizi bati la mviringo, akalizungusha. Lingeyumba mara moja tu, alama zote zisingekuwa na maana. Halikuyumba. Mzee alishusha nyundo iliyofungwa unyoya, ukachora kwenye masizi. Kisha Nakijwa akamsogeza sisimizi kwenye bati, akagusa vinywele, na taya nazo zikachora.

Naetwe akainama. Wenzake waliona mstari wa nyundo tu, umelala kwa kuburuzwa na bati. Yeye aliuona wa sisimizi, mwembamba, umesimama.

"Wako umelala hivi, Baba, kwa sababu bati lilipata muda wa kukimbia," akasema. "Wake umeinama unene wa unywele. Linganisha miinamo hiyo miwili, utajua amekuzidi kiasi gani."

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe alitaka kujua tu.

Basi ugomvi ukaanza.

"Bila mimi mngempima nani?" Nakijwa akauliza.

"Na mngempima kwa kitu gani?" akasema Mrutu.

"Na nani angejua kama mmepima?" akasema Naetwe.

Karakana haiwezi kuwa na wakuu watatu. Moto unawaka, majembe ya watu yanangoja, nyundo iko juu ya fuawe, na Mzee hana tena nguvu ya kuinyanyua. Haya, wewe uliyekataa kwenda kulala: ungemkabidhi nani?