Pole za Kigong'ota

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mmeitika kama mliolala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na ndege, Kigong'ota, na dada yake, Mashavu. Walianguliwa tundu moja, na duniani walibaki wawili tu. Kigong'ota alikuwa fundi wa nyumba. Alitoboa miti ya watu, ko-ko-ko, asubuhi mpaka jioni. Mashavu aliolewa ng'ambo ya bonde.

Siku moja nyoka akapanda mti wa Mashavu. Akala makinda yote matatu. Mashavu akashuka chini, akakaa.

Sasa sikilizeni. Kwa akina Kigong'ota, mfiwa hukaa chini. Haruki, hali, mpaka ndugu wa tundu moja aje amtie mchwa mdomoni. Akishameza, ndipo huruka. Mwingine hafai, hata mume. Na huko chini, wanangu, ndiko anakopita Nguchiro, mla ndege.

Mashavu akagonga gogo kavu. Ko, ko, ko. Ndiyo kusema: Kaka, nimefiwa.

Kigong'ota akasikia. Moyo ukamuuma, msiseme hakumpenda. Lakini Hondohondo alikuwa akingoja nyumba, mkewe karibu kutaga. Basi akagonga kutoka huko huko juu: Pole, dada. Kazi ya Mungu haina makosa. Nakuja kesho.

Kesho yake Mashavu akagonga. Ko, ko.

Kigong'ota akajibu: Pole sana, dada. Jikaze. Namalizia mlango.

Njiwa akaja, anahema. "Fundi, natoka kwa dada yako. Mbawa zimemlegea. Nimempa mtama, kakataa. Anakungoja wewe."

"Kwani pole zangu hakuzisikia?"

"Kazisikia. Bonde zima limezisikia."

"Basi mwambie nakuja. Kazi ya watu nitaiachaje nusu?"

"Mlango utangoja, Fundi. Nguchiro atangoja?"

Kigong'ota alikwisha rudi kugonga.

Siku ya tatu Mashavu akagonga. Ko.

Siku ya nne, kimya.

Kigong'ota akatega sikio. Kimya. Akamwambia Hondohondo, "Afadhali, dada ametulia. Pole zangu zimemwingia."

Akamaliza mlango. Akautazama, akaupenda. Ndipo akachukua mchwa mmoja, mnono, akavuka bonde. Puru-puru-puru.

Chini ya mti alikuta manyoya, na nyayo za Nguchiro. Hakukuta kingine.

Akamweka mchwa chini. "Mashavu," akaita. "Dada, nimekuja."

Mchwa akajiendea zake.

Kigong'ota akakaa pale pale, maana sasa mfiwa ni yeye. Akangoja ndugu wa tundu moja aje amlishe. Nani? Njiwa alileta mtama. Hondohondo alileta tunda, kwa aibu, macho chini. Kila mmoja alisema pole. Kigong'ota hakufungua mdomo. Jua likazama, likachomoza, naye yuko chini.

Wanangu, na nyinyi wakubwa wenye shughuli zisizoisha: pole ya mbali ni njema, lakini haimwinui mfiwa. Ukisikia ndugu yako analia, weka kazi chini, uende ukakae naye. Na akinyamaza, usiseme amepoa.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya mti, alipokaa Kigong'ota. Nami sikupenda iishie hapo.