Maji Juu ya Gurudumu la Moto

"Mkono uliokaza hausikii gurudumu." Mmeisikia leo kikaoni, mkamwona baba yenu mdogo, aliyelishikilia shamba bila kumsikiliza mtu, akiinamisha kichwa, na sasa mnataka kujua gurudumu linahusiana vipi na ugomvi wa shamba. Haya, wekeni simu chini. Methali hii haikutoka mbali. Ilianza hapa hapa kwetu, ndani ya gari la kaka yangu Singano, nami nilikuwemo.

Kaka alikuwa na gari dogo jeupe, la pekee katika kitongoji chetu cha mlimani. Lilibeba maharusi, lilibeba wagonjwa, na kila wiki lilimteremsha mama yetu, Bi Mwanahawa, kwenda kliniki ya moyo huko mjini bondeni. Daktari alikwisha kuonya kwamba asikose hata wiki moja. Kwa hiyo gari lile halikuwa fahari tu, lilikuwa uhai wa mama.

Barabara ya kushuka mnaijua: mwamba huku, korongo kule, kona juu ya kona. Siku hizo watu wetu walikuwa na miiko miwili ya safari. Dereva hasemeshwi mlimani. Abiria hunyamaza mpaka bondeni. Tena mtu haingii mjini na vumbi la mlima. Kila gari lililopita njia ile lilisimama kwenye kijito kule chini likaoshwa, magurudumu kwanza, maana wazee walisema gari nalo huchoka kama punda, lazima linyweshwe. Kaka aliishika miiko hiyo kuliko mtu yeyote. Alikuwa msafi, na mbishi wa kuzaliwa.

Mwaka mmoja usukani ukaanza kutetemeka kila alipokanyaga breki. Akasema ni matairi, akanunua mapya. Ukatetemeka vilevile. Akasema ni ubovu wa barabara. Ukazidi. Mwishowe akaacha kutafuta sababu, akawa anaukaza tu kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imemsimama. Mkewe Salama na mimi tuliusikia mtetemo ule mpaka miguuni, lakini mwiko ni mwiko. Tulinyamaza.

Siku moja, kwenye kona ya mwisho kabla ya kijito, alikanyaga breki na usukani ukamtikisa mabega mazima. Gari likaenda upande wa korongo. Tairi la mbele likakwaruza mawe ya ukingoni, kisha akalirudisha. Hakuna aliyepiga kelele. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu, na bado nilitazama mbele tu.

Kijitoni kaka alishuka, akachota ndoo kama kawaida yake na kumwagia gurudumu. Mvuke ukaruka, chuma kikalia. Mama akateremka taratibu, ameshikilia mlango.

"Singano, mimi gari hili sipandi tena."

"Mama, kliniki wanatungoja. Mbele ni tambarare tupu."

"Nitakwenda kwa miguu, au nisiende kabisa."

"Unataka kufa, mama?"

"Nikifa kwa moyo wangu, Mungu ndiye kaamua. Nikifa korongoni na hawa, umeniua wewe. Hebu lete mikono."

Kaka alisita, kisha akainyoosha kama mtoto. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge.

"Umekaza mpaka ngozi inachubuka," mama akasema. "Mkono kama huu utasikia nini? Gurudumu linakulilia tangu kiangazi, nawe unalinyamazisha. Na sisi umetunyamazisha."

Kaka akatugeukia. "Ninyi mnasikia nini mkiwa ndani?"

Salama akasema mtetemo huja breki ikikanyagwa tu. Isipokanyagwa, gari limetulia. Nami nikasema huzidi kadiri tunavyoshuka, na juu kabisa karibu haupo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutusikiliza kuhusu gari lake.

Mama tulimpatia lifti kwenye gari la kijiji jirani lililopita, akawahi kliniki. Sisi tukaenda polepole mpaka kwa fundi Kupaza, na kaka akamweleza yote tuliyosema.

"Basi matairi tuyaache," fundi akasema. "Tatizo liko kwenye breki, tena za mbele, ndiyo maana unalisikia mikononi."

Akapandisha gari kwa jeki, akavua gurudumu, akafunga waya karibu sana na diski ya breki, ile sahani ya chuma inayobanwa gari lisimame. Akaizungusha kwa mkono. Waya ukakwaruza mahali pamoja tu, kwingine kimya.

"Imepinda hii. Unashuka mlima mzima umekanyaga breki, badala ya kuweka gia ndogo. Diski inapata moto mno. Halafu chuma cha moto kikipata maji ya baridi ghafla hupinda. Nani anaimwagia?"

"Mimi," kaka akasema. "Kila wiki."

Akakaa juu ya tairi kuukuu, akafunika uso kwa viganja vile vibovu. "Nilidhani ninalitunza," akasema. Nilimhurumia sana kaka yangu. Kosa la uvivu lina nafuu. Yeye alikuwa ametuponza kwa bidii.

Diski mpya zikafungwa. Wiki iliyofuata alimfungulia mama mlango, na mama akamtazama kwa muda mrefu kabla ya kupanda. Tukashuka kwa gia ndogo, mikono ya kaka ikiwa imelegea juu ya usukani. Tulipofika kwenye kona ile ile, akauvunja mwiko yeye mwenyewe.

"Mama, unasikia nini?"

Gari likapita kona, limetulia.

"Nasikia moyo wangu, mwanangu. Unapiga vizuri."

Tangu siku hiyo watu walishangaa kulikuta gari la Singano likishuka mlima limejaa mazungumzo. Walipomuuliza kulikoni, hakutoa maelezo marefu. Aliwafungulia viganja vyake vyenye makovu, akawaambia: "Mkono uliokaza hausikii gurudumu."