Matembele ya Mwantumu

Mboga ya uani haingoji daraja. Mmeisikia leo, wajukuu, mkauliza mboga na daraja wapi na wapi. Methali hii ilianza hivi.

Kijijini Kwekibuyu aliishi Mzee Shekiondo. Mkewe, Mwantumu, alipofariki alimwachia matembele kando ya ukuta wa bafu, nyuma ya nyumba. Marando yake ya kupanda Mwantumu hakuyanunua. Kwao marando huombwa, hayauzwi. Kila jioni aliyamwagia maji ya kuoshea vyombo, na mzee akaendelea hivyo hivyo. Sufuria moja akiosha, beseni moja kwa matembele. Ndiyo maongezi aliyobaki nayo.

Siku moja mwenyekiti wa kijiji, Mhina, akatangaza: mgeni mkubwa anakuja kukagua usafi, kila ua uwe mweupe, ufagiliwe, lisionekane hata jani. Mboga zitaletwa na lori la sokoni. Watu wakang'oa. Wakubwa wakisema ng'oa, nani abishe? Daraja la magogo lililooza walilalamikiwa miaka na miaka, hawakusikia. Lakini tembele la mjane mwanamume waliliona upesi!

Mzee Shekiondo akakataa.

"Baada ya siku tatu mgambo atakuja na jembe," Mhina akamwambia.

"Aje. Atanikuta nimekaa juu yake."

Mgeni akawahi kabla ya siku hiyo, akasifu nyua zilivyo nyeupe; nyuma ya bafu hakufika. Usiku ule mvua ikapiga milimani, huku chini vumbi tupu. Mto ukashuka na hasira zake, ukabeba daraja. Lori likabaki ng'ambo, mgeni akabaki huku. Kijiji kizima kikala ugali kwa chumvi, isipokuwa nyumba moja.

Siku ya jembe ikafika. Mzee akajiketisha kwenye matembele, fimbo mapajani. Akasikia hodi. Hakuwa mgambo. Alikuwa Mhina mwenyewe, suruali imenyooshwa pasi, mkononi kikapu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jembe liko wapi?"

"Jembe la nini tena, baba yangu? Mgeni yuko kwangu. Mama watoto kasonga ugali, hauna cha kuusindikiza."

"Si mboga zinakuja na lori?"

"Lori liko ng'ambo, linangoja daraja."

"Basi na lingoje. Mboga ya uani haingoji daraja."

Mhina akanyoosha kikapu chake. Mzee akajivuta pembeni.

"Chuma. Chuma na ya majirani. Ila kwa Mwantumu anayechuma ndiye anayemwagilia. Beseni lile pale."

Majirani wakachungulia, wakamwona mwenyekiti anayumba na beseni la maji ya ukoko, suruali imelowa mpaka magotini. Shangazi mmoja akapiga kigelegele: "Mwagilia vizuri, mheshimiwa, na kona ile!"

Alipomaliza, Mhina akasema kwa sauti ya chini, "Baba, naomba na marando."

Mzee akamkatia. Akawakatia wote waliokuja, akimwambia kila mmoja, "Haya ni ya Mwantumu." Masika iliyofuata hakukuwa na ua mweupe Kwekibuyu.

Daraja? Lilijengwa watoto wa siku ile walipokuwa wameshaoa. Likazinduliwa kwa hotuba ndefu. Mzee Shekiondo alialikwa, hakwenda. Alikuwa na beseni mkononi, anatazama matembele yaliyotambaa mpaka kwa jirani wa tatu.

Ndiyo maana tunasema: mboga ya uani haingoji daraja.