Kata ya Wifi

Mwanamke mmoja alikuwa na majani makavu ya mgomba mapajani, anasuka kata, ile ya kuweka kichwani chini ya mzigo, wakati mama Lugano wa nyumba ya pili alipoegemea ua na kumpa habari. Kikundi cha wanawake kimepata nafasi moja ya semina ya kuwafundisha wanawake kugombea udiwani. Siku tano, mjini. Jina lililopita ni la Tusekile.

"Wewe unashinda na migomba," alisema mama Lugano, "mwenzio anakwenda kuwa mgombea." Akacheka, akaenda zake.

Mwanamke yule aliitwa Subilaga, na Tusekile alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyerudi nyumbani na watoto wawili baada ya ndoa kuvunjika. Subilaga ndiye aliyempokea na kumwonyesha pa kulala. Ndiye aliyemwingiza kwenye kikundi. Yeye alimaliza kidato cha nne; Tusekile aliishia cha pili. Miaka sita Subilaga aliandika mihtasari ya kikundi kwa mwandiko ambao kila mtu aliusifu. Siku ya kuchagua jina alikuwa nyumbani na mtoto mwenye homa, wala hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa hakuona ni nani mwingine wangemtaja. Aligeuza jambo lile huku na huku akitafuta aliyemkosea, akamkosa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mumewe alifurahi sana. Alisema sasa nyumba yao itatoa diwani wa kata, akamwomba Subilaga ampigie dada mtu pasi gauni la safari. Alipiga pasi. Wivu ulimkaa kifuani kama tonge lisiloshuka.

Jioni ile Tusekile alikuja kumwomba kata. Ya kwake ilikuwa imechakaa, na kesho asubuhi wanawake watakuwa bombani wote. Alitaka kuwaaga kabla ya kuondoka. Alijua kusema mbele za watu, ila fundo la kumalizia kata halikuwahi kumkubali. Subilaga aliketi akasuka. Kata zake zilijulikana kijiji kizima; mtu angeweza kukimbia na ndoo juu yake. Hii aliisuka vizuri nje, lakini ncha ya mwisho aliichomeka tu ndani, hakuifunga. Kwa macho ilikuwa kata.

Asubuhi Tusekile alijaza ndoo kama wenzake, akajitwisha. Mwanamke mmoja akamuuliza kuhusu njia ya zahanati, ambayo wakati wa mvua wajawazito huipita wakibebwa kwa machela: akipewa udiwani, ataifanyaje? Tusekile akageuka amjibu. Alipogeuka, kata ilifumuka. Maji yakamwagika juu yake tangu kichwani hadi miguuni, ndoo ikagonga jiwe ikapasuka. Watu walicheka. Mmoja alisema kama ndoo imemshinda, hiyo kata nzima ataibebaje, na kicheko kikaanza upya.

Subilaga alikuwa kwenye foleni, watu wanne nyuma, kata yake ngumu mkononi. Alikuwa ameingoja saa hiyo tangu jana. Ilipofika, hakujua aiweke wapi mikono.

Bibi mmoja mzee aliokota yale majani yaliyofumuka, akayageuza, akauliza nani kaisuka kata hii. Hakuna asiyejua kwamba nyumba ile ina msusi mmoja. Tusekile aliyatazama majani mkononi mwa bibi, akaiona ile ncha iliyonyooka, isiyo na alama ya fundo. Akainua macho, akamwona wifi yake kwenye foleni.

"Nimeisuka mwenyewe, bibi," alisema. "Bado najifunza."

Kisha akafuta uso kwa upindo wa kitenge, akamjibu yule mwanamke kuhusu njia ya zahanati, jibu refu lenye hesabu ya madaraja mawili na jina la ofisi ambako barua ya kwanza itapelekwa. Aliongea akichuruzika maji, na hakuna aliyecheka tena. Walipoondoka, mmoja wao alimwazima ndoo.

Wivu wa Subilaga haukuisha siku ile. Uliongezeka, kwa kuwa sasa wifi yake alikuwa na kitu kingine ambacho yeye hakuwa nacho, moyo wa kumsitiri mwenzake, na alikuwa amemsitiri bila kuombwa. Alasiri Subilaga alichukua majani mapya akasuka kata nyingine. Fundo alilikaza kwa meno. Akaiweka juu ya mfuko wa safari wa Tusekile, akaenda jikoni.

Giza lilipoanza kuingia alipakua ndizi na maharage, akahesabu sahani, akahesabu vichwa: mumewe, mama mkwe, watoto wake watatu, wawili wa wifi, wifi mwenyewe, na yeye. Tisa. Wote walikuwepo. Tusekile aliketi karibu naye na kata mpya kwenye goti, akisogeza kidole juu ya fundo.

Semina ilikuwa na nafasi moja. Kati ya wanawake hawa wawili, ni yupi aliyekuwa bado anajifunza?