Pweza Aliyepiga Deki Malisho

Mwaka huo njaa iliingia baharini bila hodi. Nyasi za bahari zilipauka, samaki wakakonda, na Mfalme Papa akasikitika sana, kwani raia aliyekonda hana ladha.

Kisha malisho ya karibu na mwamba yakaanza kurudi kijani. Juu ya majani palikuwa na utando wa utelezi, na humo waliishi vijidudu wasioonekana kwa macho. Waliichukua naitrojeni, hewa iliyojaa kote na isiyomshibisha mtu, wakaigeuza mbolea ya nyasi. Hawakujitangaza. Walikuwa na kazi.

Bwana Pweza hakuwa na kazi. Alipoona kijani kile alitema wino kidogo, akajikohoza, akatangaza: "Haya, kuleni. Wino wangu ndio mbolea." Tangu hapo kila aliyekuja malishoni alimletea kaa mnono, na Pweza akavimba kichwa ambacho, tuseme ukweli, hakikuhitaji kuvimba zaidi.

"Bwana Pweza," vijidudu walimwambia kwa upole, "nyasi tunazilisha sisi, kwa hewa."

"Kwa hewa?" Pweza alicheka mpaka mikono yote minane ikatetemeka. "Basi mbona mimi navuta hewa kila siku na sijaota majani?"

Mara ikaja habari kwamba Mfalme Papa atazuru malisho, mgeni rasmi. Pweza akautazama ule utelezi, akaona aibu.

"Mfalme akanyage makamasi haya?"

Papa hana miguu, lakini msimamizi hodari hazuiwi na jambo dogo kama hilo. Pweza akapiga deki, jani kwa jani, kwa mikono minane. Malisho yakang'aa. Vijidudu wakachukuliwa na mkondo.

Ziara ikaahirishwa, kama ziara za wakubwa zilivyo. Papa alipofika hatimaye, nyasi zilikuwa za njano.

"Bwana Pweza, tunakufa njaa," alisema Bi Kasa, ambaye chakula chake ni nyasi tu. "Si uteme ule wino wako?"

Pweza ana mioyo mitatu, na yote ilimwenda mbio. Akatema. Nyasi zikabaki njano, sasa zikiwa na madoa.

"Ongeza," alisema Papa.

Akaongeza.

"Ongeza, bwana. Usitunyime."

Akajikamua mpaka likakosekana hata tone. Maji yalipotakata, Pweza alikumbuka kwamba pweza hakupewa wino wa kulishia nyasi. Alipewa wa kujifichia asionwe na papa.

"Mfalme wangu, naomba nieleze," alisema kwa hofu.

"Eleza," alijibu Papa akimsogelea, "ila kwa kifupi. Sijala tangu juzi."

Maelezo yalikuwa mafupi kweli. Bi Kasa hakungoja yaishe. Alifuata mkondo mpaka akazikuta nyasi nyingine, za kijani na zenye utelezi tele, akala kwa adabu bila kufuta hata jani moja. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.