Hendeli ya Bibi Mbeleje

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kuzungumza na sungura, ni hii ambayo dizeli ilishaanza kuuzwa kwa dumu, alikuwepo Bibi Mbeleje na mashine yake ya kusaga. Aliipenda hadi watu wakamtania kwamba ndiyo mume wake wa pili.

Kijijini kwao unga wa kwanza wa mavuno ulisongwa ugali palepale mlangoni pa mashine, na mwenye mashine akamlisha tonge la kwanza mtu mmoja tu. Aliyelishwa alikabidhiwa hendeli ya kuwashia injini msimu mzima. Mwaka huo Bibi alikuwa ametangaza: mabega yamechoka, atakayelishwa safari hii mashine itakuwa yake moja kwa moja.

Basi mtama ukavunwa, akina mama wakapanga foleni na ndoo zao. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Bibi akakaa chini mlangoni. Aliogopa kuwarithisha wanawe chuma kilichokufa.

Akaja Chiduo, mwanawe wa kwanza. Akazungusha hendeli taratibu, sikio karibu na nozeli, kile kidude kinachopuliza mafuta ndani ya injini.

"Mama, nozeli nzima hukoroma ukizungusha. Hii imenyamaza. Haipulizi, inachuruzika tu. Pistoni iacheni, pampu iacheni, ugonjwa uko hapa."

Akaja Nyemo, kitindamimba, mwenye injini pacha na hii, ya kumwagilia vitunguu. Wakaifungua nozeli, wakakuta sindano yake imekwama na kuchubuka, imenaswa na nyuzi nyekundu za kitambaa. Bibi akazitambua. Chujio la mashine lilipotoboka, alikuwa akichuja dizeli kwa kanga yake kuukuu, kwa huruma tu, ili mashine isinywe uchafu.

"Wauza mafuta wa siku hizi," Chiduo akasema, macho chini.

"Hovyo kabisa," Nyemo akaitikia.

Bibi akajua wanamsitiri, akawapenda zaidi. Nyemo akaenda shambani, akafungua nozeli ya injini yake, akaileta. Vitunguu vyake ndiyo kwanza vilikuwa vinaweka vichwa, na jua la wiki ile halikuwa na utani.

Wakaifunga. Injini ikagoma.

Akaja Sechelela, mjane wa mwanawe wa kati, aliyekataa kurudi kwao ili asimwache mama mkwe peke yake. Akalegeza nati ya bomba, povu likatoka.

"Mna hewa humu, shemeji. Pampu inasukuma, hewa inabonyea, nguvu inaishia njiani. Sindano itainuliwa na nini?"

Akaitoa hewa yote. Akaning'iniza nozeli nje, akazungusha: mafuta yakatoka kwa unyonge, yakadondoka. Springi ya nozeli ya Nyemo ilikuwa imechoka, ilifunguka kabla nguvu haijajaa. Sechelela akaongeza washa nyembamba, kile kipete cha chuma, juu ya springi ili ikaze, akajaribu, akaongeza nyingine. Safari hii mafuta yakatoka kama ukungu, yakakatika bila kuacha tone. Nozeli ikarudishwa, ikakoroma, injini ikawaka. Foleni nzima ikapiga vigelegele.

Ugali ukasongwa. Bibi akakata tonge, akalifinyanga, akawatazama watatu wake.

"Mama, bila sikio langu mngeifumua injini yote," Chiduo akasema. "Mpaka sasa mngekuwa mnaokota boliti."

"Sikio lilijua ugonjwa, dawa nimetoa mimi," Nyemo akasema. "Hapa mnasaga, kule vitunguu vyangu vinakauka."

Sechelela akafuta mikono kwenye kanga yake. "Mama, ugonjwa ulijulikana na dawa ilikuwepo, na bado mashine ilikuwa kimya. Mimi sikuzaliwa humu ndani. Lakini ilipoitwa, iliitikia mikono yangu."

Hakuna aliyesema uongo, na hilo ndilo lililomtesa Bibi. Akimlisha mmoja, wawili wataondoka na njaa ambayo ugali hauishibishi. Kumega tonge mara tatu, desturi haikubali, na hendeli haigawiki.

Tonge linamchoma vidole. Wewe uliyesikiliza hadi hapa, usimwachie Bibi peke yake: je, nani kati yao alistahili kupanua mdomo?