Mfuko wa Jumamosi

Machozi ya mtoto hukauka upesi, lakini mzazi anayeyaogopa hujiwekea akiba ya machozi yake mwenyewe. Mama mmoja, fundi cherehani, alilijua hilo mdomoni tu, mpaka siku lilipomfika.

Fundi huyo alikuwa na binti wa pekee, mwenye miaka tisa, mlinda lango wa timu ya wasichana wa mtaa. Wenzake walimwita Kishada kwa jinsi alivyourukia mpira. Kila Jumamosi timu ilicheza, na kila Jumamosi mzazi mmoja alishika zamu ya kuleta mfuko wa vitafunio. Kocha wao, fundi baiskeli asiyependa maneno mengi, alikuwa na sharti moja: maji na machungwa, basi.

Zamu ya fundi cherehani ilipofika, Kishada alijitupa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, akalia hadi pumzi zikampaa. "Machungwa kila siku! Mama, watanicheka!" Mama hakuweza kustahimili. Akajaza mfuko soda, peremende na biskuti za krimu.

"Dada, tulikubaliana nini?" kocha aliuliza akiuchungulia mfuko.

"Kocha nawe! Ni watoto, waache wafurahi. Utoto hauji mara mbili."

"Haya. Na meno je?"

Wazazi wakacheka. Jumamosi iliyofuata mzazi mwingine, asikubali kupitwa, alileta keki. Aliyemfuata akaleta keki pamoja na soda za chupa kubwa. Sharti la kocha likafa bila hata matanga.

Miezi ikapita. Kishada akaanza kutafuna upande mmoja, na usiku kuugulia. Kocha aliona weusi kwenye magego yake, akamsihi mama ampeleke kwa daktari wa meno. Alimpeleka kweli, lakini mlangoni pa zahanati mtoto aliangua kilio, akaikumbatia nguzo asibanduke. Watu wakageuka kutazama. Mama akaona haya, akaona na huruma, akageuza njia. Wakapitia dukani kununua aiskrimu ya kumbembelezea.

Hazikupita wiki tatu, Kishada akaamka shavu limevimba, jicho limefumba, mwili unawaka moto. Hospitalini daktari hakuzungukazunguka.

"Usaha umeanza kushuka shingoni. Mngengoja hadi kesho, mama, tungekuwa tunazungumza mengine. Magego manne yanatoka leo. Ni ya ukubwani hayo, hayataota tena."

"Yote manne, daktari?"

"Ungemleta mapema, tungeyaziba."

Jioni Kishada alilala wodini, pamba mdomoni, mpira wa dripu mkononi. Safari hii hakulia. Alimgeukia mama yake, akatamka kwa taabu:

"Mama, siku ile pale zahanati... mbona hukunilazimisha?"

Mama angesema nini? Kwamba alimpenda mno? Mapenzi gani hayo yaliyomwacha mtoto aoze akitabasamu? Akainamia ukingo wa kitanda, akalia kwa kwikwi mbele ya wauguzi na wagonjwa, wala hakuwepo wa kumnunulia kitu anyamaze. Hakika, mchelea mwana kulia hulia yeye.